Kibali cha Bunduki ya Mbao

Wiki ya tatu sasa naihamisha bunduki yangu kama paka anavyohamisha watoto. Ilikuwa chini ya kitanda, ikaenda kabatini nyuma ya mablanketi, ikashinda siku mbili ndani ya ndoo ya mchele. Asubuhi moja nimejikuta nimeishika mkononi huku nachungulia dirishani kuona kama jirani wa mkabala, anayekata ua wake kila Jumamosi, ameniona. Ni ya mbao. Naomba hilo lieleweke mapema. Ni kipande cha mjakaranda chenye urefu wa mkono wa mtoto, na haijamdhuru mtu yeyote isipokuwa mmoja, ambaye nitafika kwake nikipata ujasiri.

Aliyenitia katika hekaheka hii ni mama mmoja Mkongomani wa Shard End, mtaa wa jiji hili la Waingereza ninamoishi, anayeandaa maonyesho ya vitu vya utotoni katika ukumbi mdogo kule Hockley. Kila mtu alete kitu alichochezea kwao. Wengine wameahidi magari ya waya na mipira ya matambara. Mimi, kwa kuwa nimesoma hadi chuo kikuu na akili zimepungua, nikasema nitaleta bunduki. Nilipomwonyesha picha kwenye simu alishika kifua.

"Eh, papa! Ni nyeusi hivi? Utaibeba mu bus namna gani? Uko na karatasi yake?"

Sikuwa nayo. Lakini neno hilo, karatasi, lilinikaa kichwani. Nchi hii ina leseni ya kutazama televisheni na ina leseni ya kuvua samaki mtoni kwa ndoano, basi nikadhani haikosi kibali cha mzee kuweka bunduki ya kuchezea. Nilitafuta usiku mzima wa Jumanne na nusu ya Jumatano. Mwisho nikawapigia polisi mwenyewe, jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu angenishauri. Kijana aliyepokea simu alikuwa mpole. Akaniambia hakuna kibali cha namna hiyo. Kuwa nayo nyumbani si kosa. Kosa ni kutembea nayo hadharani bila sababu ya maana. Ningekuwa na mwaliko wa maonyesho, nikaifunga ndani ya mfuko, ingesaidia. "Na kama ingekuwa na rangi ya kung'aa, bwana, ingesaidia zaidi."

"Dad, just paint it," alisema binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili changu chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Nilikwenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena. Angejuaje kwamba amri hiyo nilishapewa, na sikuitii?

Utotoni mwangu tulikaa katika nyumba za reli, Nakuru, safu ndefu za vyumba vyenye mabati mekundu na bomba moja la maji kwa kila safu. Asubuhi ilikuwa na harufu ya uji na moshi wa makaa, na mabehewa yalikuwa yakigongana huko stesheni mpaka vikombe vinacheza mezani. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Bibi alikuwa akisuuza mashati yetu ya shule kwa maji yenye buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, vidole vyake vikibaki na rangi ya anga hadi Jumatatu, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kufukuza kuku wasikanyage nguo zilizoanikwa juu ya ua wa miti ya kaiyaba.

Chumba cha pili kutoka kwetu aliishi mzee tuliyemwita Karani. Alikuwa karani wa reli maisha yake yote, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate. Mwaka ule askari jeshi walijaa mjini, malori yakipita barabara yetu mchana kutwa, na sisi watoto, tusio na akili hata moja, tulikuwa tumeshikwa na homa ya kuchonga bunduki. Wazazi walizichoma, tukachonga nyingine. Ndipo Karani akatutangazia kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayebeba silaha bila kibali.

Ungetuona tulivyopanga foleni! Kibali kilikuwa nusu ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wa kulala: jina la mwenye silaha, aina ya mbao, rangi. Muhuri aliuchonga kwenye kiazi, akauchovya wino wa zambarau. Masharti yalikuwa matatu. Usimwelekezee kiumbe mwenye pumzi. Ukiitwa kula, weka chini. Na silaha yote ipakwe buluu ya kufulia, ikolee, ili hata mjinga akiwa mbali aone ni mchezo. Bibi alisema mzee yule ana kazi chache, lakini aliitoa buluu yake bila kunung'unika, na hapo ningepaswa kutambua kwamba jambo hilo halikuwa utani.

Bunduki ya buluu haiogopwi na mtu. Wenzangu wote walikuwa nazo, lakini mimi nilijiona nimezaliwa kwa makubwa. Nikapasua betri iliyokufa, nikatoa ule unga mweusi, nikauchanganya na mafuta ya kupikia, nikaisugua bunduki yangu mpaka ikawa kama chuma. Kibali nikakikunja mfukoni. Nikajibanza nyuma ya kaiyaba, na lori la kwanza lililopita nikalilengea shabaha.

Lori lilisimama. Askari wawili waliruka chini na bunduki zao, ambazo hazikuwa za mjakaranda, na mmoja akaninyanyua kwa ukosi wa shati. Karani alikuwa bombani. Aliiacha ndoo yake, akaja akitembea, hakukimbia.

"Afande, huyu ni mtoto wa hapa. Na hiyo ana kibali chake."

Nadhani aliyasema kwa mazoea ya ofisini, au hakuwa na kitu kingine mkononi. Askari alinyoosha mkono, nami nikatoa karatasi. Akaisoma polepole, midomo ikicheza.

"Rangi, buluu." Akaiinua bunduki yangu juani. "Mzee, hii ni buluu?"

Karani aliitazama bunduki, kisha akanitazama mimi. Hakusema kwamba nimemdanganya. Alisema, "Kosa ni langu, afande. Sikukagua."

Wakamrusha kichura. Kutoka bombani hadi mwisho wa safu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mikono masikioni, kaptula ile ya kaki ikikokota vumbi. Askari walicheka. Watoto wakacheka, maana kilikuwa kichekesho, na mimi nilicheka pamoja nao, nawe ukitaka kuniacha hapa nitaelewa. Kisha wakanitupia bunduki miguuni, wakapanda lori.

Jioni Karani alisimama mlangoni kwetu, amevaa kaptula nyingine. "Kibali chako kimesimamishwa," aliniambia. "Ipake rangi, kisha uje."

Hayo tu. Na kila Jumamosi buluu ilikuwa pale kwenye beseni, na kila Jumamosi nilisema wiki ijayo. Nilikuwa nazunguka nyuma ya vyoo nisipite mlangoni pake. Siku moja nilitoka shuleni nikakuta chumba chake kimefungwa kufuli jipya. Alikuwa amestaafu, amekwenda kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Bunduki nilikuja nayo huku ugenini nilipokuwa mwanafunzi, chini ya masweta, wala sikuwahi kumwambia mtu kwa nini.

Siku chache zilizopita nilinunua buluu katika duka la Mhindi, pakiti ndogo ileile. Haikushika juu ya weusi. Ilibidi nikwangue kwa msasa siku mbili, binti yangu akishika upande mmoja, akiuliza maswali ambayo, kwa mara ya kwanza, niliyajibu yote. Vidole vyetu vimekuwa rangi ya anga.

Nimesikia nyumba zile zimebomolewa. Bomba halipo, kaiyaba imeng'olewa, Bibi hayupo, na kiazi kile bila shaka kililiwa na panya. Leo nimepanda basi na mfuko wangu na mwaliko wangu, na hakuna aliyenitazama. Yule mama ameipokea mezani, akaigeuza, akacheka: "Sasa iko muzuri, papa. Mutu gani ataogopa hii?"

Nami nimesimama mbele ya ile meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mikono mgongoni, nimenyooka kama mtu aliye mbele ya ofisi. Nimeipaka, mzee. Nimekuja.