Pikapu ya Armel na Ghala la Viazi

Hakuna mtu wa kijiji cha Grand Isle aliyewahi kuiona pikapu ya Armel Soucy ikiwa chafu, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyejua kwamba inakufa. Mama yake, Alvina, aliifuta kila aliporudi nayo. Alichukua ndoo ya maji ya vuguvugu na fulana kuukuu za marehemu mumewe, akaanza na boneti, akaja kwenye milango, akamalizia na vioo, mpaka ile chumvi nyeupe ya barabarani ikatoka na rangi ya buluu ikarudi. Majirani walipunguza mwendo wamtazame. Wengine walimcheka, kwa kuwa kuosha gari mwezi wa Januari katika bonde la Mto Saint John ni kutwanga maji kwenye kinu. Lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani hupita alfajiri, likapita tena jioni, na kesho yake gari lako ni jeupe tena.

Vicheko havikumsumbua. Alikuwa amepika katika jiko la shule miaka ishirini na sita, na mtu aliyetaniwa na watoto mia mbili kila mchana hatishwi na wazee watatu wenye kofia za sufu.

Tena pikapu haikuwa yake. Ilikuwa amana. Armel, mwanawe wa pekee, alipofungwa miaka tisa kwa kuuza vidonge vya kulevya, alimwachia mama yake funguo na maneno machache pale kwenye ukumbi wa mahakama. "Usiiache ilale, mama. Iendeshe. Gari likilala linakufa." Mwana mwingine angelia, au angeomba radhi. Armel alizungumza habari za gari. Alvina, aliyemzaa na kumjua, alielewa kuwa hiyo ndiyo namna yake ya kusema kwamba atarudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye wake aliutia wote kwenye ile pikapu.

Mwaka wa pili gari lake mwenyewe lilikata roho, na tangu hapo pikapu ndiyo iliyompeleka gerezani. Gereza liko kusini mwa jimbo, mwendo wa saa tano barabara ikiwa nzuri, saa saba ikiwa ya Februari. Alikwenda kila Jumamosi ya pili. Aliamka, akala vichapati vyake vya ploye na siagi, akajaza chai kwenye chupa, akaondoka. Huko kwenye barabara kuu ya kusini watu hawanyunyizi chumvi, wanapakua. Magurudumu yanaitupa chini ya gari mfululizo, saa nzima, saa mbili, inanguruma kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria. Alvina aliisikia na hakuijali. Alikuwa akifikiria atamwambia Armel nini, kwa kuwa Armel hakuwa mtu wa maneno, na mama ndiye aliyebeba mazungumzo ya pande zote mbili.

Aliporudi hakuiacha pikapu nje. Hapo ndipo alipojiona mwerevu, na mtu yeyote wa bondeni angemwona mwerevu vilevile. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala la viazi la mumewe, Fernand: nusu yake imezikwa ardhini, kuta za mawe, paa la mbao, jiko la kuni katikati. Fernand alipokufa mashamba yakakodishwa, ghala likabaki tupu. Sasa, watu wa kule wamelelewa kwa sheria moja tu, kwamba kitu cha thamani hakiachwi kigande. Viazi havigandi, matufaha hayagandi, bomba la maji haligandi, bibi kizee hagandi. Fernand alikuwa akitoka kitandani katikati ya baridi kuu kwenda kulisha jiko, ili viazi vilale kwenye ubaridi wa kiasi na unyevunyevu kidogo, visinyauke. Alvina aliifanyia pikapu hivyohivyo. Aliiingiza, akafunga milango miwili mizito, akawasha jiko. Theluji iliyoganda chini ya gari ikaanza kuyeyuka na kudondoka, na aliposikia ile michirizi alifurahi, kama mama anayesikia mtoto aliyekuwa mgonjwa akiomba chakula.

Na kila Oktoba alitandika boksi chini, akalala chali, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaipaka pikapu lami ya kuezekea paa upande wote wa chini. Aliipaka nzito. Palipoonekana pekundu kwa kutu alipaka mara mbili. Palipokuwa na vitundu vidogo vya kutolea maji aliviziba kabisa, maana tundu ni tundu, na nani anataka tundu kwenye gari? Mpwa wake Normand, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyekuwa na gereji na kibali cha kutoa stika ya ukaguzi ya kila mwaka. Alikuwa akiinama, anamulika tochi, anaona weusi unaong'aa toka mbele hadi nyuma, anacheka. Alikuwa akimwambia kwamba chini ya gari lake ni kuzuri kuliko uso wa mkewe, na asimwambie mkewe. Kisha anabandika stika. Hakugonga chuma kwa nyundo kukipima hata siku moja. Mtu hamgongei shangazi yake.

Mwaka wa tisa, mwezi wa Machi, ikaja barua. Armel angeachiwa mwanzoni mwa Mei. Alikuwa amepatiwa kazi kwenye yadi ya magogo, maili arobaini ndani ya msitu, na mwenye yadi alikuwa ametoa sharti moja: mtu aje na gari lake, kwa kuwa huko hakuna basi na yeye si dereva wa mtu. Afisa atakayemsimamia Armel naye alikuwa na sharti lake. Akiwa na kazi, arudi kwa mama yake. Akiwa hana, atakaa kwenye hosteli ya wafungwa walioachiwa, huko kusini, pamoja na walewale aliouza nao vidonge. Alvina aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Hakuwa na wasiwasi. Kazi ipo, nyumba ipo, gari lipo. Aliona Mungu amempangia kila kitu mezani.

Asubuhi yake akaipeleka pikapu kwa Normand, akamwomba safari hii aikague kweli, asimfanyie ushangazi. Mtoto anarudi; gari liwe la kufika msituni na kurudi.

Normand akaipandisha juu kwa jeki ya umeme. Alvina akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Fundi alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chasisi kutoka mbele, akipiga mluzi. Ngo, ngo, ngo. Alipofika nyuma ya mlango wa dereva sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayegonga boksi la mkate. Mluzi ukakoma. Akagonga tena, kwa nguvu kidogo, nyundo ikazama mpaka kwenye mpini.

Alipoichomoa, ganda la lami lilitoka pamoja nayo, na nyuma ya lami yakamwagika mabamba mekundu, laini, yenye maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Pikapu ilikuwa imeliwa ndani ya ile nguo nyeusi, na nguo ndiyo peke yake iliyokuwa imesimama. Normand akahamia upande wa pili. Alichukua bisibisi, akaichomeka hapa, ikaingia. Akaichomeka pale, ikaingia. Paipu za breki alizigusa kwa kidole tu, na moja ikakatika.

"Shangazi," alisema, "umekuja nayo leo ukiendesha wewe mwenyewe?"

"Nimekuja nayo."

"Basi kaa kitini kwanza."

Hakukaa. Alimwambia achomelee. Ana mashine, ana vyuma, na yeye atalipa pole pole. Normand akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema kuchomelea ni kuunganisha chuma na chuma, na hapa hakuna cha kuunganisha nacho. Akamwambia pia kwamba hana gari la kumwazima. Lake moja ndilo la mkewe la kwendea kazini, na magari ya umri huo yanayouzwa bondeni yote yako hivi, lami juu, hewa ndani. Gari zuri lina bei ambayo wote wawili wanaijua.

"Nipe stika tu," Alvina alisema. "Umenipa miaka yote. Nipe na hii moja."

"Nilikupa bila kuangalia. Sasa nimeangalia." Normand alikuwa amekunja uso kama anayeumwa jino. "Ikikatika katikati huko msituni, na magogo nyuma, utamzika. Nikupe stika ya kumzikia mtoto?"

Hasira zilimjaa Alvina, na kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, aliikasirikia pikapu. Aliuliza imekuwaje, kitu kilichotunzwa kama yai. Hakuna siku iliyolala nje. Hakuna siku iliyoganda.

Normand akamwuliza ilikuwa inalala wapi.

"Kwenye ghala la viazi. Na jiko nalikoka."

Yule mtu mzima mwenye miaka hamsini aliangalia sakafu. Angeweza kunyamaza, na kusema kweli ingekuwa heri angenyamaza, lakini mafundi hawawezi. Wakijua sababu ya kitu lazima waitoe. Akamweleza taratibu kwamba chumvi kwenye baridi kali inalala. Gari likiganda nje, kutu nayo inaganda, haifanyi kazi hadi jua la Aprili. Ila ukiliingiza gari lenye chumvi kwenye joto na unyevu, unaiamsha chumvi na kuipa maji ya kunywa. Na lami inaifungia ndani, na vile vitundu vikizibwa haina pa kutokea. "Ungeiacha uani tu, shangazi," alisema, "ukaacha theluji iifunike, hata usiiguse, ingekuwa inatembea leo."

"Aliniambia isilale."

"Ungewasha injini tu kila wiki. Si lazima iende kusini."

Akajuta mara moja, akaanza kusema jambo jingine. Alvina alikuwa ameshaweka kikombe juu ya benchi na kutoka nje. Alirudi nyumbani kwa miguu, maili mbili, kando ya barabara, na lori la chumvi likampita, na dereva, aliyemjua tangu akiwa mtoto wa darasa la kwanza anayekataa kula maharage, akampungia mkono.

Siku kumi alizunguka. Aliandika kwa mwenye yadi, akajibiwa kwa adabu kwamba sharti ni sharti. Alimpigia afisa, akaambiwa asiye na usafiri ni sawa na asiye na kazi, na kwamba jina la Armel litaandikwa hosteli. Padri alimwahidi kuulizia, akaulizia, hakupata. Watu walimhurumia kweli, na huruma bondeni huja na chungu cha supu ya njegere. Alipata vyungu vitatu. Gari hakupata.

Jumamosi iliyofuata Normand alimpeleka gerezani kwa gari la mkewe, akabaki nje kwenye maegesho. Armel aliingia amenyoa vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alianza yeye kuzungumza. Alitaka kujua matairi yana hali gani. Alisema atabadilisha plagi kabla ya Mei kwisha. Alvina alimwacha aseme, kwa vile ilikuwa tamu kumsikia, kisha akaona kwamba kumwacha aendelee kutumaini ni kumwibia, akamwambia. Alimwambia yote: chasisi, ghala, jiko, lami aliyoipaka kwa mkono wake, na hosteli.

Armel alisikiliza bila kumkatiza. Hakupandisha sauti. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na aliiangalia hiyo.

"Kwa nini ulikuwa unaitoa wakati wa chumvi?" aliuliza.

"Ningekujaje huku, mwanangu?"

Akafikiri. Alvina aliona kwamba anafikiri kwa haki, anapima: upande huu Jumamosi zote hizo, mama mbele ya meza akieleza nani kaoa na nani kaanguka kwenye barafu, upande ule msitu, kazi, na kitanda chake mwenyewe. Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu.

"Ungekaa tu nyumbani, mama," alisema.

Kisha akasimama, akamwashiria askari kwamba amemaliza. Katika miaka tisa alikuwa hajawahi kusimama kabla ya kengele. Alvina alibaki mezani akitazama saa ya ukutani, kwa kuwa ziara ilikuwa bado ina dakika arobaini, na hakujua mahali pengine pa kuzipeleka.