Kingo za Karatasi za Loveday Nancarrow

Zamani hapa St Ives, mji wetu mdogo wa pwani, mchoraji aliibeba karatasi yake kwa mikono miwili na kukusimamia wewe fundi fremu mpaka umalize kuitia fremu. Sasa fremu zinauzwa zikiwa na picha ndani, na karakana yangu imegeuzwa nyumba ya wageni wa kiangazi.

Loveday Nancarrow alikuwa karani wa posta. Miaka thelathini alizigonga mihuri barua za watu wengine, na kila likizo alipanda treni na meli hadi kisiwa cha Sardinia, na ubao wake wa kuchorea, rangi za maji na karatasi nzito. Alichora huko huko, juani. Akirudi nyumbani hakuongeza hata doa.

Chama cha wachoraji kilitundika kazi za karatasi kwenye korido, karibu na choo. Ukuta mkubwa ulikuwa wa picha za rangi za mafuta. Loveday aliutaka ukuta huo, na alipofika miaka sitini mwenyekiti, Bwana Pascoe, alichoka kubishana naye.

"Lete sita za safari moja," alisema. "Ikipungua hata moja, korido."

Aliniletea sita, kingo zimejaa michirizi na madoa. Nikafanya kama mafundi fremu wote tulivyofundishwa: nikazinyoosha kingo kwa kisu, vipande nikawashia jiko. Nilikuwa nimemaliza tano alipoingia.

"Bwana Hosken, kingo ziko wapi?"

"Ule uchafu? Nimekusafishia."

"Uchafu uko kichwani mwako! Kule juani rangi inakauka hujavuta pumzi. Pale ukingoni ndipo nilipoijaribu na kuijaribu mpaka nikaipata bluu ya kivuli. Sasa nani ataona nilivyoitafuta?"

"Hakuna atakayejua, bibi."

"Na mimi je, si mtu?"

Akaenda kulitoa jina lake kwenye maonyesho ya chama. Kesho yake Pascoe akamchokoza posta, foleni nzima ikisikia: "Mwakani utatutundikia na kitambaa cha kupangusia brashi?"

"Nikimalizana nacho nitakuletea, ufutie miwani."

Nilimshauri azichore upya zile tano nyumbani, kwa kumbukumbu.

"Nichore Sardinia huku natazama mvua hii? Chora wewe."

Mwaka uliofuata alistaafu, akaondoka kwenda Sardinia. Mwezi wa sita posta ilileta bomba la kadibodi, na ndani yake picha tano mpya, kingo zote zipo. Yeye hakurudi, alipata chumba juu ya duka la mikate akabaki huko mpaka alipokufa. Nilizibandika kwa mgongo tu, bila kufunika hata upana wa kucha, nikazipeleka kwa Pascoe pamoja na ile ya sita niliyokuwa sijaikata. Alizikagua kingo moja moja, akasema, "Hizi si za safari moja," kisha akaelekeza kidole kwenye ukuta mkubwa. Zilikaa pale wiki tatu. Leo ukuta huo una friji za aiskrimu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stesheni, asubuhi ya safari hiyo. Nilikwenda kumwomba radhi, nikaishia kumbebea ubao, karatasi zimefungwa juu yake kwa kamba.

"Nyonga yako itakusumbua kwenye ngazi za meli," nilimwambia.

"Basi na yenyewe itasumbuka. Fungua hiyo kamba uone."

Nikafungua. Karatasi zilikuwa bado tupu, lakini nyuma ya kila moja alikuwa ameshaandika kwa penseli, herufi kubwa: HOSKEN, USIKATE.

"Umesoma?"

"Nimesoma, bibi."

"Soma zote," akasema, akapanda behewa.