Vidole Vitatu vya Upindo

Wifi yangu ni fundi cherehani wa sare za shule. Aliponiomba binti yangu akajifunze kazi kwake, nilisita. Mtaani walisema mteja anapeleka kitambaa cha kutosha, gauni linatoka, lakini kipande cha kurudishiwa hakuna. Mwanangu asije akafundishwa wizi, Mungu apishe mbali.

Nikaenda kukaa naye asubuhi nzima, nikijifanya nasubiri shati la mume wangu litiwe vifungo. Nikamwona anapima vidole vitatu vya kitambaa, anavikunja ndani ya gauni na kuvishonea humo.

"Wifi, mbona unakificha?"

"Leo umekuja kama askari kanzu," akacheka.

Mara akaingia mama mmoja na msichana aliyerefuka, gauni limepanda juu ya magoti. Wifi akafumua upindo, akashona upya, gauni likashuka. Mama akafungua pochi, wifi akaifunga.

Walipotoka akaniambia, "Huu mwaka wa tatu, gauni lile lile. Wenzangu wanafurahia kuuza mapya. Mimi nikiona la zamani linapita barabarani, najua kazi yangu imekwenda vizuri."

"Kwa nini usiwaambie wanaokusengenya?"

"Niliwaambia. Wakataka kipande mkononi, na mwaka uliofuata watoto wakabaki magoti nje."

Bado sikuridhika. Alipotoka kuchota maji nilipekua kapu la mabaki. Nilikuta nyuzi tupu.

Jumatatu nilimpeleka binti yangu. Wifi akampokea, kisha akanigeukia:

"Na kapu, wifi, ulimaliza kulipekua?"