Mpira Tulioutazama Darini kwa Jirani

Wajukuu wangu hawachoki kunitafutia mambo ya kutazama. Huyu ataniambia kuna filamu mpya ya Kiswahili nisiikose, yule ataniwekea taarabu za zamani zilizopigwa upya kwa vinanda vya umeme. Juzi mchana waliniketisha mbele ya televisheni tutazame fainali ya mpira ya nchi za mbali. Goli lilipofungwa walishangilia, kisha kila mmoja akainamia simu yake kuwaandikia watu wasiokuwepo. Nilichoka kabla ya mapumziko, nikaenda kujilaza. Ndipo nikamkumbuka nyanya.

Miaka ya hamsini, mwenzangu, hapa kwetu Amu mpira ulichezwa kwenye mchanga upande wa Wiyoni. Siku walipokuja vijana wa kisiwa cha Pate, waliopanda mashua bandarini Mtangawanda tangu asubuhi, mji haukuwa na kazi nyingine. Baada ya alasiri maduka yalifungwa na wanaume wakaelekea uwanjani. Wanawake hawakwenda huko. Walipanda madarini, juu ya paa bapa za nyumba, na sinia za kaimati, wakipitia wikio, vile vyumba vya juu vinavyovuka kichochoro na kuunga nyumba na nyumba.

Dari iliyouona uwanja vizuri ilikuwa ya jirani yetu, lakini sisi hatukukanyaga huko. Mjomba, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa amemposa binti wa jirani, na harusi ilipokaribia akasema hamtaki, bila sababu ya maana. Nyanya aliona haya kwenda kuomba radhi. Kadiri alivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi, hata mlango wa wikio ukatiwa komeo. Wanawake wawili waliokuwa wakisuka ukili pamoja kila siku wakabaki kusikia vikohozi tu, huyu upande huu wa ukuta na yule upande ule.

Siku ile mjomba alikuwa anacheza. Nyanya, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, alinisimamisha dirishani nimweleze. Mimi sikuona ila migongo ya nyumba. Kila kelele zilipopanda aliniuliza, "Kuna nini?" nami nikajibu sijui, mpaka nikakaribia kulia.

Ghafla mlango wa wikio uligongwa. Nilipofungua, jirani alikuwa amesimama pale na leso yake mabegani. Hakumtazama nyanya. Aliniambia mimi, "Mwambie nyanyako apande. Mwanawe anateza."

Nyanya akanyoosha mkono nimshike. Juu darini wanawake waliokuwa wakizungumza walitugeukia.

"Masalkheri, Bi," nyanya akasema. "Sina uso wa kuja hapa."

"Ndoo uketi. Mato yangu yatatutosha sote wawili," jirani akajibu.

Basi jirani akaanza kumsimulia. Alijua kusimulia yule mama: nani ana mpira, nani amevuliwa kilemba na upepo, mzee gani ameingia uwanjani kugombana na mwamuzi. Nyanya alicheka kwa mara ya kwanza tangu posa ile ivunjike. Kisha sauti ya jirani ikakatika.

"Nini?" nyanya akauliza.

"Amegongwa. Yuko tini. Wamemzunguka, simuoni."

Nyanya alimshika mkono, naye hakuuondoa. Binti wa jirani, yule aliyekataliwa, alikuwa amefika mlangoni pa ngazi na sinia ya kahawa. Alisimama vile vile. Uwanja mzima ulikuwa kimya, watu wa Pate na watu wa Amu.

"Ameinuka," jirani akasema. "Achechemea, lakini ameinuka. Alhamdulillahi."

Binti akaweka sinia chini, akashuka. Nyanya akalia, akasema, "Niwie radhi, Bi. Nalichelewa."

"Hata mimi ningeweza kugonga mlango kabla ya leo," jirani akajibu, akamjazia kikombe.

Sikumbuki nani alishinda. Mjomba na yule binti hawakuoana. Kila mmoja alipata wake. Lakini mlango wa wikio haukufungwa tena, na kila mpira ulipochezwa wazee wale wawili walikaa bega kwa bega, mmoja akitazama, mwingine akisikiliza.

Halafu jirani akahamia Mombasa kwa bintiye, akafia huko. Nyumba yake ilikwenda kwa wengine. Siku hizi watalii hulala darini pale kwenye matandiko meupe, na wanawake wa mtaa hawana sababu ya kupanda. Simlaumu mtu. Nimechoka kulaumu.

Ila kuna alasiri moja, baada ya jirani kuhama, haijanitoka. Vijana wa Pate walikuja tena, nasi tuliketi uani kwetu, tunasikia kelele zikipanda na kushuka nyuma ya kuta. Nyanya aligeuza uso kunielekea.

"Nani amefunga?" akauliza.

Nilisema jina la mjomba, ingawa mjomba alikuwa ameacha mpira zamani. Nyanya akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Haya," nasi tukakaa hivyo mpaka kelele zikaisha.