Bi Mwanawetu na Ramani Elfu Sita

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Mwanawetu Tajudin anapanda juu ya kiti, anavuta droo ya bati na kuishusha nzima nzima. Hafunui ramani hata moja. Anahesabu kingo za karatasi kwa kidole gumba, anazungushia kamba ya katani, kisha anaandika kwenye kadi: Droo 27, ramani 240, kama ilivyofika.

"Hiyo imeingia," anasema, akijipangusa vumbi. "Tuendelee."

Yeye ni karani wa masjala katika ofisi moja ya ramani za mabomba ya maji hapa Kampala. Ana miaka arobaini na mmoja, anakaa Bwaise na wanawe wanne. Mshahara wake ni shilingi 380 kwa mwezi, na sukari nyumbani kwake imekuwa kitu cha wageni tu.

Mwaka juzi, mwaka wa sabini na mbili, wahandisi wengi waliondoka nchini. Ramani za kampuni yao zikaletwa kwa lori: droo ishirini na sita, zaidi ya ramani elfu sita. Amri ikaja kwamba zote ziingizwe masjala ndani ya mwezi mmoja.

Walianza kwa kufunua kila ramani, kuipiga nakala ya buluu na kuiandikia kadi yake. Wiki ya kwanza wakamaliza mia mbili. Karatasi ya nakala nayo ilikuwa inakwisha, na duka la kuiuza halikuwepo.

"Nilipiga hesabu nikaona tungemaliza mimi nikiwa nyanya mwenye wajukuu," anasema Bi Mwanawetu, akicheka peke yake.

Ndipo akabadilisha utaratibu. Kila droo ikapewa namba moja. Karatasi tupu na stakabadhi za chai zikatupwa kwanza. Ramani moja moja ikawa inapigwa nakala, na jina la mchukuaji kuandikwa kwenye kadi, siku ile tu mtu alipotaka kuigusa, kabla hajaondoka nayo mlangoni. Kadi zilipokwisha akakata maboksi ya sabuni. Zote zikaingia kwa siku tisa.

Wachoraji walinung'unika. Desturi yao ni kukwangua mstari wa zamani kwa wembe na kuchora mpya juu ya karatasi ile ile, na kusubiri nakala kuliwaudhi. Aliyenung'unika zaidi ni Nashon Wanyama, mchoraji kutoka Kenya. "Dada, wewe unatuchelewesha kama benki," alikuwa akimwambia.

Mwezi wa tano mwaka huu, mafundi walichimba mtaa wa Kamwokya mahali ramani ilipoonyesha hakuna bomba. Bomba lilikuwepo. Sururu ikalipasua, na nyumba ya mkubwa mmoja ikakaa siku mbili bila maji. Ramani ikakaguliwa, ikakutwa na alama za wembe, na kadi ikasema aliyeichukua mwisho ni Nashon. Neno hujuma likatajwa. Msomaji anajua neno hilo siku hizi lina uzito gani.

Nashon alichukuliwa na askari Jumatatu. Kuanzia Jumanne mkewe, Nabwire, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la masjala.

"Kadi yangu ndiyo iliyomtaja," anasema Bi Mwanawetu. "Nilikuwa siwezi kumtazama yule mama usoni."

Alhamisi alichukua nakala ya buluu ya ramani ile, akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda kituoni.

"Wewe nani alikutuma?" ofisa alimwuliza.

"Hakuna, afande. Mimi ndiye karani. Hii ni picha ya ramani kabla Nashon hajaishika. Tafadhali uiweke dirishani pamoja na ile ramani mliyoichukua."

Ofisa alizibandika kwenye kioo. Nashon alikuwa amekwangua kona moja tu, ili kuongeza nyumba mpya. Pale bomba lilipopasuka hapakuwa na mstari, wala kwenye nakala ya buluu hapakuwa nao.

Ofisa alipitisha kidole juu ya zote mbili. "Sasa hii makosa iko ya zamani," akasema. "Ya wale walienda."

"Ndiyo, afande. Ilifika hivyo."

"Kale, sawa. Chukua mtu yako."

Nashon alitoka akiwa na kiatu kimoja. Bi Mwanawetu anasema yeye mwenyewe alilia barabarani, mtu mzima na kitambaa chake, na wala haoni haya kulisema gazetini.

Sasa Nashon yupo Kenya kwa likizo. Droo nyingine arobaini zimeanza kufika kutoka Jinja, na Bi Mwanawetu ameomba wiki mbili na maboksi ya sabuni ya kutosha.

Nilipomwuliza anatarajia nini baada ya hapo, alishika tena kamba ya katani.

"Sina ombi kubwa," alisema. "Nataka kila aliyeingia hapa asubuhi, saa kumi na moja jioni aende kwake kwa miguu yake."