Gari la Betri Nililompelekea Mama

Nilikwenda Nampunga kumchukua mama kwa sababu mgambo walikuwa wanakwenda Ijumaa. Kitongoji kizima kilikuwa kimeshahamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya shamba la mkonge lililo juu ya Kiswere, ambako mimi nilikuwa karani. Alibaki yeye peke yake. Lori la kijiji lilimfuata mara mbili, na mara zote mbili alilikataa. Baba alikufa chini ya lori, na tangu siku hiyo mama alikuwa akisikia injini anatetemeka mwili mzima. Kutembea mbali hakuweza, goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Ijumaa mgambo wangeezua paa lake na kumpandisha lorini kwa nguvu. Nilitaka nimtoe kwa heshima kabla ya hapo.

Shambani palikuwa na gari la betri, la kubebea marobota ya mkonge ghalani. Lilikuwa na jukwaa la mbao, usukani na kiti kimoja, na halikunguruma hata kidogo. Nikaliomba, nikapewa.

Kazi ilikuwa kulichaji. Siku zote lilichajiwa kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchambulia mkonge, kwa saa nane mfululizo. Lakini wiki ile korona ilisimama kwa kukosa dizeli, na umeme ukabaki wa jenereta ndogo iliyowasha taa za nyumba za makarani kwa muda wa saa mbili kila jioni. Nikalisukuma gari hadi barazani kwangu, nikapitisha waya dirishani. Nililichaji Jumatatu, nikalichaji Jumanne. Mshale wa kipimo ukapanda hadi mwisho.

Fundi Saidi, aliyekuwa akilitunza, alinyonya maji ya betri kwa kibomba chake cha kioo cha kupimia, akakiinua usawa wa taa.

"Bado, bwana mdogo."

"Bado nini, na mshale huo umejaa?"

"Mshale mwongo. Hii ni kama muhogo uliochemshwa haraka, nje laini, ndani mgumu. Lipe na kesho jioni, uende Alhamisi."

"Nimeshawatangazia watu kesho. Watakuja kutazama."

Alicheka. "Basi chukua na kamba, wakuvute hao watazamaji."

Nikachomoa waya. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimesoma sekondari, na yeye hakusoma.

Jumatano, saa moja asubuhi, niliondoka. Ni maili saba kwa njia ya changarawe. Maili ya kwanza nilimkuta mwanamke amejitwika ndoo ya maji, anatembea katikati ya njia. Hakunisikia. Nilipokuwa hatua tatu nyuma yake nikasema, "Samahani, mama." Aligeuka, akaona gari limesimama kimya mgongoni kwake, akaiachia ndoo na kukimbilia mkongeni bila kupiga kelele. Niliona ni jambo la kuchekesha. Baadaye nikajiona mimi mwenyewe naanza kutazama nyuma.

Baada ya maili nne nilipita Mkwajuni, kitongoji kilichohamishwa mwezi mmoja kabla. Mapaa yalikuwa yameezuliwa, kuta zimesimama. Milango ilikuwa imefungwa kwa komeo, ingawa juu yake palikuwa wazi, anga tupu. Kinu kimoja kilikuwa uani na mchi wake ndani, kana kwamba mtwangaji ameitwa mara moja tu. Kunguru hawakuruka nilipopita.

Saa tatu kasorobo nilifika Nampunga. Nilijua pana mtu mmoja tu. Lakini moshi ulikuwa unatoka nyumba zote kumi na moja.

Nilishuka. Nyua zote zilikuwa zimefagiliwa. Nikasikia sauti ya mama nyumba ya nne: "Hodi hapa!" Kisha sauti ileile, nyembamba kidogo: "Karibu." Alitoka jikoni kwa watu na kijinga cha moto mkononi, akichechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekujaje? Sijasikia kitu."

"Mama, unafanya nini humu?"

"Nawawashia. Jiko likilala baridi siku saba, wenyewe hawarudi."

"Hawarudi, mama. Wote wako kule."

"Ndiyo maana nawawashia." Akaliona gari. Akalizunguka, akaligusa kama mtu anayegusa ng'ombe wa jirani. "Hili halingurumi?"

"Halingurumi."

"Na linafika?"

"Linafika," nikasema.

Alikubali. Alizima moto nyumba hadi nyumba, akiwaaga wenye nyumba kwa majina, na mimi nikimfuata na kata ya maji. Ilituchukua hadi saa tano.

Njiani alikuwa akitabasamu jukwaani, amekaa juu ya mkeka. Maili ya pili gari likaanza kulegea. Mshale ulioonyesha kujaa asubuhi ulianguka wote kwa mara moja. Tulifika Mkwajuni kwa mwendo wa kobe, na likasimama katikati ya zile kuta.

"Limechoka?" mama aliuliza.

"Nitakwenda kuleta trekta. Ni maili nne tu."

"Usiniache hapa. Hapa si kwetu, sijui majina yao. Nibebe."

Angeweza kubebeka. Alikuwa mwepesi kama tita la kuni kavu, nami nilikuwa na mgongo mzima. Lakini kichwani niliwaona wale watu wakinitazama karani naingia kijijini na mama mgongoni, baada ya majigambo yote yale, na Fundi Saidi yuko mbele yao. Nikamwambia nitakuwa mwepesi zaidi nikiwa peke yangu.

Nilipofika kama hatua hamsini nilimsikia anazungumza. Alisema kitu, akanyamaza kama anayejibiwa, akasema tena. Sikugeuka.

Trekta lilipatikana saa tisa. Saa tisa na nusu mimi na dereva tulikuwa Mkwajuni, na gari lilikuwa tupu. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri. Nyayo zake zilirudi njia ya Nampunga, mguu mmoja ukiburutwa. Tulimkuta nusu maili mbele, amekaa chini, goti limevimba kama boga, uso wake umeelekea kwao.

"Wenyeji wa pale wameniambia hutarudi," alisema.

"Nimerudi, mama."

Alinitazama. "Ulijua halijashiba?"

Ningeweza kudanganya. "Fundi aliniambia," nikasema.

Aliinuka mwenyewe, akapanda tela la trekta, na injini ilipoanza kunguruma alifumba macho akatetemeka hadi kijijini, mbele ya watu wote niliowatangazia.

Siku hizi vijana wananiuliza kama gari la betri laweza kuchajiwa nyumbani. Laweza. Hesabu saa za umeme ulio nao, wala usihesabu saa unazozitamani. Usiuamini mshale peke yake. Na aliyelitunza akisema bado, ni bado. Hayo yote niliyajua Jumanne ile jioni. Sikukosa elimu, nilikosa unyenyekevu wa kungoja siku moja.

Mama aliishi nyumbani kwangu miaka miwili. Alikula vizuri, aliwalea wanangu, hakunilaumu hata siku moja. Ila kila asubuhi nilipomwamkia alinijibu, kwa adabu, kama mgeni aliyepewa hifadhi: "Marahaba, bwana karani."