Mashemeji wa Ugiriki

Mwalimu wa fizikia wa hapa Kasongo hawezi kumtaja Mgiriki wa kale bila kumtania, kama watu wanavyotania shemeji harusini. Feza, anayekaanga mandazi chini ya dirisha la darasa, anamsikia kila asubuhi: anapuliza vumbi la chaki vidoleni, anakohoa mara moja, kisha sauti inapanda. "Shemeji Aristote! Eti jiwe zito linaanguka mbio kuliko jepesi. Alishindwa kupanda muti ajaribu, muvivu huyu?" Watoto hoi kwa kicheko.

Jana inspekta wa shule, tumbo mbele, alisimama mlangoni akataka somo hilo lifutwe. "Fizikia ya leo imewashinda hao wazee. Unafundisha makosa ya nini?" Feza akaacha mandazi yaungue. Mwalimu alijifuta mikono kwenye suruali polepole, kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Bwana Inspekta, shemeji mwingine, Demokrite, alisema kila kitu iko punje ndogo sana, na hata miwani hakuwa nayo."

"Akasema tena hazikatiki!" inspekta akaruka. "Tumezikata! Shemeji yako iko muongo!"

Mwalimu akacheka mpaka chaki ikamdondoka. "Karibu katika ukoo, Bwana! Mutu hawezi kutania shemeji asiye wake."

Inspekta alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akavuta benchi la nyuma, akakaa. "Haya, na shemeji mwingine alikosea wapi?"